Gego la binti yangu wa miaka 7 lina doa jeupe na kamstari keusi, lichimbwe au lisubiriwe?

Dada habari za huko. Swali lako nimelisoma mara tatu, naomba nilifupishe hapa ili na wengine wajue tunaongelea nini. Unakaa Usa River, binti yako ana miaka 7, ulipokuwa unamsaidia kupiga mswaki ukaona gego la mwisho kabisa chini kulia lina doa jeupe kama chaki karibu na fizi, alafu juu yake kwenye vile vimifereji kuna kamstari keusi. Haliumi kabisa. Sehemu ya kwanza uliyoenda wamekwambia hilo jino la utoto, litang'oka lenyewe, rudi nyumbani. Sehemu ya pili wakasema lichimbwe na kuzibwa haraka sana. Jirani yako naye anasema ni maji ya huku tu, meno ya Meru yote yako hivyo. Na umemalizia kwa kuuliza, kama maji yetu yana floraidi (yale madini yanayowekwa kwenye dawa ya meno) nyingi tayari, si nitakuwa namuongezea mtoto tatizo nikimpa dawa ya meno yenye floraidi? Na pia una mdogo wake wa mwaka na nusu.

Naanza na hilo la "litang'oka lenyewe" kwa sababu ndo linaloniumiza roho kila mwaka ninaofanya hii kazi. Dada, hilo jino sio la utoto. Hilo ni jino la ukubwani, ndo atakalolitumia kutafuna nyama akiwa na miaka 60 Mungu akimjalia. Unaweza kuhakiki mwenyewe leo jioni: mwambie afungue mdomo, anza kuhesabu kutoka katikati ya meno ya mbele kwenda nyuma upande mmoja. La kwanza, la pili, la tatu, la nne, la tano. Hayo matano ndo seti ya utoto (au warithi wake kama mengine ya mbele yameshabadilika), watoto wana meno ya utoto 20 jumla, matano kila robo ya mdomo. Ukikuta la sita nyuma ya hayo, hilo ni gego la kwanza la ukubwani, linaota kwenye miaka 6 hivi, wengine mapema kidogo wengine wanachelewa mpaka 7.

Shida yake ni kwamba linakuja kimya kimya. Wazazi wengi wanasubiri pengo, yaani jino la utoto ling'oke ndo la ukubwani lije, kumbe hili halingojei jino lolote ling'oke, linapita nyuma kabisa ambako hamna mtu anaangalia. Niliwahi kumpokea mtoto wa miaka 9 shavu limevimba mpaka jicho linafumba, gego hilo hilo, lilikuwa limebaki gamba tu huku mizizi imejaa usaha. Tukaling'oa. Mama yake akaniuliza kwa upole kabisa, "daktari si litaota lingine?" Sikuwa na jibu zuri la kumpa mama wa watu. Jino lilikuwa na miaka mitatu tu mdomoni. Kwa hiyo wewe uliyeliona likiwa na doa tu, bila maumivu, tayari uko mbali sana na pale alipokuwa yule mama.

Sasa kwa nini gego hili ndo linaoza kuliko mengine? Kwanza linachukua muda mrefu kupanda, inaweza kupita zaidi ya mwaka tangu linachungulia kwenye fizi mpaka likutane na mwenzake wa juu, na muda wote huo liko chini kidogo ya mstari wa wenzake, mswaki unapita juu ya gego la utoto lililo mbele yake na hili haliguswi. Pili lile la juu bado halijalifikia, kwa hiyo halisuguliwi na chakula wala jino mwenzake, utando (ule uchafu laini wa bakteria unaonata kwenye meno) unakaa tu. Tatu lina mifereji mirefu myembamba, mingine ni myembamba kuliko unywele mmoja wa mswaki, hata ukipiga mswaki kwa bidii gani chini kule hufiki. Na nne, enameli, lile gamba gumu la nje, linapotoka kwenye fizi linakuwa bado changa, linaendelea kunyonya madini kutoka kwenye mate kwa miaka kadhaa ndo linakomaa vizuri.

Hapa ndo kuna siri ya swali lako lote. Jino halitobolewi na funza, hakuna mdudu anayeonekana mule ndani hata kama bibi ameona kwenye mvuke wa dawa. Ni hivi: bakteria waliopo kwenye utando wanakula sukari anayokula mtoto na kutoa asidi, asidi ikishusha pH mdomoni (kipimo cha asidi, ikishuka ndo asidi imezidi) chini ya 5.5 hivi enameli inaanza kupoteza kalsiamu na fosfeti. Mate yanakuja kuokoa, yanachukua kama nusu saa mpaka saa nzima kuirudisha hali sawa, na yakifika yanarudisha madini yaliyotoka. Inatoka, inarudi, inatoka, inarudi, siku nzima, kwa kila mtu, hata kwangu mimi ninayeandika. Kuoza kunaanza pale ambapo yanayotoka yanazidi yanayorudi kwa miezi na miezi.

Na yanavyotoka hayatoki juu juu. Yanatoka ndani kidogo ya gamba, juu panabaki pazima. Chukua mfano wa andazi, nje limekauka zuri limefunga, ndani lina uwazi uwazi. Lile doa jeupe kama chaki ndo hilo andazi, ndani pana vitundu vidogo sana mwanga ukiingia unatawanyika ndo maana unaona weupe uliokufa usiong'aa. Ila ganda bado zima! Na likiwa zima, madini yanaweza kupenya kurudi. Hiyo ndo maana ya kuoza kulikoanza. Ukishachimba hapo umetoa kitu ambacho kingepona, na kiraka chochote tutakachoweka, hata kiwe kizuri namna gani, kitahitaji kubadilishwa siku moja, na kila ukibadilisha tundu linaongezeka ukubwa. Mtoto wa miaka 7 ana miaka mingi sana mbele ya kubadilisha viraka.

Ndo maana hata wewe usiguseguse hilo doa na sindano au pini "kuangalia kama limetoboka", na ukienda kliniki ukaona mtu anachoma kile kichokoo chenye ncha kali kwenye doa kwa nguvu, mwombe kwa adabu aache. Ile ncha inaweza kuvunja lile ganda na kutengeneza tundu ambalo halikuwepo. Kinachotakiwa ni jino lisafishwe, likaushwe kwa hewa kama sekunde tano, liangaliwe kwa taa nzuri. Doa ambalo linaonekana jino likikauka tu ni la juu juu bado, doa unaloliona hata jino likiwa limelowa mate limeshaenda ndani zaidi. Hilo la binti yako kwa kuwa umeliona mwenyewe bila kulikausha, nadhani limeshafika hatua hiyo ya pili, kwa hiyo sio la kuacha.

Na jirani yako je, kuhusu maji? Hayuko mbali na ukweli ila kwa jino hili nadhani amekosea. Kweli ukanda wenu kuzunguka mlima Meru, na kule Kilimanjaro sehemu sehemu, na ukivuka mpaka Naivasha na Nakuru kwenye bonde la ufa, maji yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, Tanzania kwa miaka mingi ikawa inavumilia mpaka 8 kwa maji ya vijijini, baadaye 4, kwa sababu hakukuwa na maji mengine, na chemchemi nyingi za huko kwenu zinapita hata hapo. Ndo yale meno ya kahawia tunayoyaona Arusha. Lakini alama za floraidi zina tabia yake: zinakuja pande mbili zinazofanana, kulia kukiwa nalo na kushoto lipo, zinakuwa kama mistari ya mawingu inayokwenda kwa upana wa jino au madoa yaliyotapakaa, na jino lilitoka kwenye fizi likiwa nazo tayari. Doa la kuoza linakaa pale utando unapokaa: linafuata ukingo wa fizi kama mwezi mwandamo, au limejificha kwenye mfereji, na mara nyingi ukifuta kwa kitambaa kisafi unakuta juu yake kuna uchafu laini mweupe-njano na fizi inatoa damu kidogo. Wewe umesema upande wa kulia tu na ni karibu na fizi. Angalia na gego la kushoto, likiwa safi kabisa basi hapo sio maji.

Kuna na kitu cha tatu nakitaja tu usije ukachanganyikiwa, kuna watoto gego hili linatoka tayari lina sehemu ya njano au kahawia iliyo laini, linabomoka mapema na linauma akinywa maji baridi, mara nyingi na meno ya mbele ya ukubwani yana baka. Hilo ni jino lililotengenezwa vibaya tangu utotoni, matibabu yake ni tofauti kidogo na linahitaji daktari mapema zaidi. Kwa maelezo yako halielekei kuwa hilo.

Haya, dawa ya meno. Hapa naomba unisome taratibu maana watu wa kwenu wengi wamekimbilia dawa zisizo na floraidi na watoto wanaoza meno wakiwa na baka za floraidi juu yake, vyote viwili kwa pamoja, nimeyaona mwenyewe. Floraidi inayoleta baka ni ile inayomezwa wakati jino bado linatengenezwa ndani ya taya. Meno ya mbele ya ukubwani na hili gego la kwanza yanajengwa tangu mtoto anazaliwa mpaka kama miaka minne hivi. Yakishajengwa yameshajengwa, binti yako wa miaka 7 hawezi kupata baka jipya kwenye gego ambalo liko nje tayari. Floraidi inayolinda jino ni ile inayoligusa kwa nje kila siku: inakaa kwenye mate na utando, asidi ikija inasaidia madini kurudi haraka, na inajenga aina ya fuwele ambayo inavumilia asidi kali zaidi kuliko enameli ya kawaida. Maji unayomeza yanapita tu, hayakai kwenye vile vimifereji. Kwa hiyo kumnyima dawa ya meno ukidhani maji yanatosha, hapana dada.

Mpe dawa ya meno ya kawaida, angalia kwenye boksi wameandika ppm ngapi (hicho ndo kipimo cha wingi wa floraidi), unataka 1,000 mpaka 1,500, na kwa huyu ambaye tayari ana doa chukua yenye kama 1,450. Kiasi cha punje ya njegere, sio kujaza mswaki kama kwenye tangazo. Mara mbili kwa siku, ile ya usiku ndo mama lao maana mtu akilala mate yanapungua na jino linabaki bila mlinzi. Akimaliza ateme, ateme tena, ASISUKUTUE na maji. Najua tumezoea kusukutua mpaka povu liishe, lakini ukisukutua unaiosha dawa ambayo ndo ilikuwa ianze kufanya kazi. Ateme tu alafu akalale, na baada ya hapo maji ya kunywa tu.

Na piga wewe mwenyewe, au maliza baada yake. Mtoto wa miaka 7 mikono yake bado haijaweza, kwa kawaida tunasema mpaka 8 au zaidi. Msimamie kwa nyuma, kichwa chake kiegemee kifuani kwako, afungue mdomo nusu tu, sio wote, maana akifungua sana shavu linabana na mswaki haupiti. Ingiza mswaki kutoka pembeni, uukate jino kwa upande, yaani badala ya mswaki kwenda mbele-nyuma sambamba na mstari wa meno, uulaze kuvuka lile gego la nyuma peke yake, sugua mara kumi hivi. Hiyo ndo njia pekee mswaki unashuka kwenye jino ambalo bado liko chini ya wenzake. Achana na majivu, mkaa wa kusaga, ndimu na chumvi. Majivu na mkaa vinakwaruza, ndimu ni asidi tupu, unaongeza lile lile tunalolikimbia.

Sasa kliniki. Sio kweli kwamba chaguo ni mbili tu, kuchimba au kusubiri. Kuna kazi nzima katikati pale.

Kwa lile doa jeupe la pembeni, omba apakwe vanishi ya floraidi. Ni kitu cha kunata kinapakwa na kabrashi kadogo, dakika mbili imeisha, hakuna sindano hakuna mashine. Ina nguvu sana, 22,600 ppm, ila kiasi kinachotumika ni kidogo mno na inaganda kwenye jino ikiachia taratibu, kwa hiyo hofu ya maji ya Usa River isikufanye uikatae. Siku hiyo asile vitu vigumu wala vya moto sana kwa masaa kadhaa, na usimpigishe mswaki usiku huo, kesho yake unaendelea. Inarudiwa kila miezi mitatu mpaka sita kwa mtoto kama yeye.

Kwa ule mstari mweusi wa juu inategemea. Weusi peke yake sio ushahidi wa kuoza, mifereji inaweza kushika rangi ya chai, na hata kuoza kulikosimama kunakuwa keusi. Daktari aangalie kama ganda ni zima, kama pembeni ya mstari kuna kivuli cha kijivu kinatokea chini ya enameli, na kama kuna eksirei ndogo ya meno ya nyuma apige moja ili aone kama chini kuna uwazi. Ikiwa ganda ni zima na hakuna kivuli, mfereji hauchimbwi, UNAFUNIKWA. Tunaita silanti. Kuna ya plastiki majimaji, jino linasafishwa, linapakwa asidi maalum nusu dakika, linaoshwa, linakaushwa kabisa kabisa, dawa inamiminwa na kugandishwa kwa taa ya bluu. Hii inakaa miaka mingi ila tone moja tu la mate likiingia kabla haijaganda imeharibika. Kama fizi bado imefunika kipande cha nyuma cha gego, au mtoto hatulii, inatumika simenti ya glasi ayonoma ambayo inavumilia unyevu na yenyewe inatoa floraidi, tunaikandamiza na kidole chenye vaselini mpaka iingie kwenye mifereji. Watu wanauliza, je ukiziba huku kuoza kumeanza chini si utafungia bakteria ndani? Ndiyo, tunawafungia makusudi. Wakikosa sukari kutoka juu wanadhoofika na kuoza kunasimama. Sharti ni moja, kifuniko kibaki kimekaza, ndo maana lazima kikaguliwe kila miezi sita na kikibanduka kirudishiwe siku hiyo hiyo.

Na kama atakuta kweli kuna kitundu kidogo kimeshafika kwenye dentini, yaani tabaka laini la chini, bado sio lazima drili. Hapa nasema kwa fahari kidogo. Ile njia ya kutoa uozo laini kwa vyombo vya mkono tu, bila umeme na mara nyingi bila ganzi, alafu kuziba na glasi ayonoma, ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa sababu huku vijijini mashine hazikuwepo na watu walikuwa wanang'olewa meno ambayo yangepona. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza dunia nzima, leo inatumika mpaka nchi tajiri kwa watoto wenye hofu. Tunaiita ART. Ukifika kliniki ukasema "daktari, inawezekana ART?" watakuelewa. Na mtu asikuogopeshe eti lazima uozo wote utolewe mpaka mwisho. Pembeni ya tundu panasafishwa mpaka pawe pagumu ili kiraka kishike, lakini chini karibu na kiini (sehemu ya katikati ya jino yenye neva na damu) tunaacha kidogo kilicho laini tunakifunika, kwa sababu ukichokonoa mpaka mwisho kwenye jino changa unaweza ukatoboa kiini ukaleta tatizo kubwa zaidi.

Kuna dawa nyingine ya majimaji yenye madini ya fedha na floraidi, inapakwa kwenye kitundu kwa dakika moja na inaua bakteria na kufanya jino ligande gumu. Iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na simenti ya glasi ayonoma. Inafanya kazi vizuri, ila palipooza panakuwa peusi tii moja kwa moja, na ikigusa ngozi au nguo inaacha alama. Kwa gego la nyuma weusi haumsumbui mtu, mimi ningekubali kwa mwanangu. Inarudiwa kila miezi sita. Sio kila kliniki wanayo, ulizia kwa simu kabla ya kupanda daladala.

Kwa hiyo yule wa pili aliyekwambia "chimba haraka" simlaumu kabisa, huenda ameona kivuli ambacho mimi siwezi kukiona kutoka huku. Mwulize maswali matatu: tundu lipo au ganda ni zima? Limefika kwenye dentini? Na kama ganda ni zima, kwa nini tusifunike? Daktari mzuri atakuonyesha kwa kioo na kukueleza. Wewe ni mzazi, una haki ya kuuliza.

Yote haya ninayosema ni ya jino lisilouma. Akianza kuamka usiku analia jino bila kula chochote, au shavu likavimba, au ukaona kijipu kwenye fizi kinatoa usaha, au akapata homa, hapo tumeshatoka kwenye kuoza kulikoanza, ni kliniki siku hiyo hiyo, na usipoteze siku tatu na antibayotiki za duka la dawa maana hazifiki kwenye kiini kilichokufa. Na hata hapo usikimbilie kung'oa bila kuuliza, kwa sababu gego hili linakamilisha mizizi yake kama miaka mitatu baada ya kuota, yaani kwenye miaka 9 au 10, na kiini cha mtoto kina damu nyingi na kinapona vizuri kikitibiwa sehemu ya juu tu.

Chakula sasa, na hapa sitaki nikupe orodha ndefu ya marufuku ambayo wiki ijayo itakushinda. Jambo moja tu: hesabu MARA ngapi, sio kiasi gani. Mtoto akila pipi tano kwa mkupuo mmoja baada ya chakula cha mchana, asidi inapanda mara moja tu, mate yanarekebisha. Akila pipi hizo hizo tano, moja kila saa, jino limekaa kwenye asidi mchana kutwa. Huko shuleni ni ubuyu wa rangi, lawalawa, biskuti, juisi ya boksi ya kunyonya kidogo kidogo mpaka jioni. Juisi ya kunyonya kidogo kidogo ndo mbaya kuliko zote. Mfungie karanga, kiazi cha kuchemsha, yai, tunda, na chupa ya maji. Vitamu vibaki pamoja na mlo, chai ya sukari pamoja na kifungua kinywa, basi. Na dawa za kikohozi za maji zina sukari, zile za usiku mpe kabla ya mswaki na sio baada.

Mdogo wake wa mwaka na nusu ndo ambaye maji ya kwenu yanamhusu zaidi, kwa sababu meno yake ya ukubwani yanajengwa SASA HIVI ndani ya taya. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi, ukichemsha sana yanapungua maji na floraidi inabaki pale pale, inakuwa nzito zaidi. Ya kunywa na ya kupikia uji wake tafuta ya mvua yaliyovunwa vizuri au yaliyopita kwenye chujio la mkaa wa mifupa, hapo karibu yenu kituo cha Ngurdoto wamefanya utafiti wa hayo machujio muda mrefu, kaulize. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi sana, kwa chakula cha huyo mdogo usiweke. Ila mswaki apigwe, dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele, umfute povu na kitambaa kwa kuwa bado hajui kutema.

Usisubiri muhula uishe ndo umpeleke binti. Mpeleke mwezi huu, asubuhi, akiwa amekula na kupigwa mswaki, na umwambie anaenda kuhesabiwa meno, usimwambie "hawatakuchoma sindano" maana hapo ndo anaanza kuifikiria sindano. Baada ya miezi mitatu likaushwe na kuangaliwa tena. Kinachotafutwa sio weupe kuisha. Doa likipona mara nyingi linabaki, ila linakuwa gumu, linateleza ukipitisha ulimi, linang'aa kama jino lingine, na utando haukai tena juu yake, wakati mwingine linageuka kahawia kabisa. Hilo linakuwa kovu tu, hata miaka kumi baadaye akiwa sekondari mtu akaliona na kutaka kulichimba kwa sababu ya rangi, mwambie limepona tangu ana miaka 7.